Fahamu: Mashine inapoamua nani alipwe Turkana

Katika HSNP, mpango wa Kenya wa kuwapa fedha watu walio hatarini kupata njaa, familia maskini za Turkana zimekuwa zikilipwa kupitia akaunti za benki ya Equity. Setilaiti hupima hali ya malisho. Kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, malipo ya dharura hutolewa kwa familia zaidi, bila kungoja ng'ombe wafe kwanza. Hilo ni jema kabisa.

Shida iko kwa wakala wa benki anayetoa fedha hizo, Lodwar au Kakuma. Mashine husoma alama ya kidole, na kidole kilichosuguliwa na kazi ya makaa huweza kukataliwa. Mama mwenye haki yake anarudi mikono mitupu. Inauma.

Lakini mashine si neno la mwisho: Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinakuruhusu kudai uamuzi mzito uliofanywa na mashine pekee uangaliwe upya.