Beji ya Nyuki: Fundi Anapopimwa Uaskari

Tazama kifua cha kushoto cha mwanamaji wa Marekani aliyevaa sare rasmi. Juu ya safu za utepe hukaa beji ndogo za chuma ambazo wengi huzidhania nishani. Nishani hutunukiwa mtu kwa jambo alilotenda. Beji hizi huthibitisha kwamba mwenyewe alijifunza, akapimwa, akafaulu. Wa nyambizi huvaa pomboo, rubani huvaa mabawa. Anayevaa nyuki huwa mara nyingi ni mwashi, fundi bomba, fundi umeme au dereva wa tingatinga.

Hao ni Seabee (“nyuki wa bahari”), vikosi vya ujenzi vya jeshi la majini, na beji yao haieleweki bila kisa cha kisiwa cha Wake. Wajapani walipokishambulia Desemba 1941, raia zaidi ya 1,000 walikuwa huko wakijenga kambi kwa mkataba. Baadhi yao walibeba risasi na kusaidia kwenye mizinga. Hatari yake kisheria ni kubwa: raia aliyeshika silaha akikamatwa anaweza asihesabiwe mfungwa wa vita. Kisiwa kilitekwa tarehe 23, na raia 98 waliobakizwa kufanyishwa kazi waliuawa Oktoba 1943. Siku chache tu baada ya Wake kuanguka, Admirali Ben Moreell, aliyesimamia ujenzi wa jeshi hilo, aliomba mafundi waandikishwe jeshini, wavae sare, wafundishwe kupigana.

Mwaka 1942, katika kisiwa cha Guadalcanal, ilionekana kwa nini mafundi walihitaji mafunzo hayo. Uwanja wa ndege ulikuwa ukipigwa mabomu kila mara, na ndege zilizo angani zinahitaji pa kutua. Seabee walikuwa wakipakia malori mchanga na changarawe mapema na kuyaficha kando ya uwanja, pamoja na vipande vya chuma vya kutandika njia. Bomu likishatua tu, lori linatoka, shimo linafukiwa, chuma kinatandikwa upya. Kazi ni ya barabara, ila huwezi kuifanya kama hujui kujikinga.

Cha ajabu, pomboo za maofisa wa nyambizi zipo tangu 1924, lakini nyuki huyu alipata beji mwaka 1993. Ya maofisa ni ya rangi ya dhahabu, ya askari wa kawaida ni ya rangi ya fedha. Anayeitafuta hupewa kitabu cha mada: silaha, ramani na dira, mawasiliano, huduma ya kwanza, ulinzi wa kambi, madaraja, ukarabati wa njia za ndege. Kila mada ina nafasi ya sahihi, na anayetia sahihi ni mjuzi aliyemhoji na kuridhika. Kisha huja mtihani wa kuandika, halafu baraza la mahojiano.

Kwangu mimi, baraza hilo ndilo lenye uzito. Fundi umeme ataulizwa habari za daraja, na seremala ataulizwa redio. Hata mpishi au tabibu wa kikosi anaweza kuiomba, naye hapunguziwi maswali kwa kuwa kazi yake ni jikoni. Akifaulu, herufi SCW huandikwa baada ya cheo chake.

Hata hivyo, beji haisemi kama ukuta alioujenga umenyooka. Ufundi wenyewe una mitihani yake ya kupandia cheo, na timazi haijali kifuani umevaa nini.