Kapeti la bafuni: kata karatasi kwanza

Mimi ni fundi cherehani hapa Nzega mjini, na kutandika kapeti la plastiki bafuni nimekuelewa kwa njia ya kitambaa. Fundi mwenye akili hatii mkasi kwenye kitenge cha mteja kabla ya kuchora pateni. Lakini watu hao hao wanaonisifia gauni zangu hununua kapeti, wakafika nalo nyumbani, wakapiga magoti kati ya choo na ukuta na kuanza kulikata kwa kukadiria. Kisha wanasema kapeti ni bovu.

Siku hizi shughuli hii imeongezeka. Maji ya Ziwa Victoria, yanayovutwa kutoka Ihelele kule Misungwi, yamefika mpaka kwetu, na aliyezoea bafu la uani anataka choo cha ndani. Chumba chenyewe ni kidogo, sakafu ni ya niru, fedha ya vigae imeishia kwenye mabomba. Hapo ndipo kapeti la mita linapopata soko, na maduka hayakosi mzigo, maana barabara za Singida, Mwanza na Tabora zinakutana hapahapa.

Niseme mapema: pale unapojimwagia maji ya ndoo, usiweke kapeti. Bafu langu lina futi 5 kwa 8. Kona ya kuogea tuliizungushia kizingiti cha tofali, tukaipiga vigae vya kuunga-unga vilivyobaki kwa jirani, na mdomo wa kutolea maji uko humo humo. Kapeti limebaki kwenye futi 5 kwa 5, penye choo cha kukaa na beseni la kunawia. Nyumba ambayo chumba kizima ndicho mahali pa kuogea, bora sakafu isuguliwe niru upya, fedha ya kapeti inunue kitu kingine.

Dukani wengi huangalia maua na rangi. Mimi nilipindua ncha nikaangalia mgongo.

"Mama, hili lenye sponji ndilo linalotoka sana," kijana wa duka akaniambia. "Laini, ukikanyaga unasikia raha."

"Sebuleni sawa, mwanangu. Bafuni sponji itakunywa maji."

Kuna na lile lenye mgongo wa manyoya yaliyoshindiliwa, nalo hunywa maji vilevile. Nikachukua la plastiki tupu mpaka nyuma. Roli lilikuwa na upana wa mita 2. Futi 5 ni kama sentimita 152, hivyo mita 2 za urefu zilinitosha bila kiungo, na vikabaki vipande vya kuwekea kiraka siku za mbele. Kiungo katikati ya bafu ni mlango wa maji. Afadhali ubaki na kipande kikubwa cha ziada.

Sakafu ndiyo iliyonichosha. Niru yetu ilikuwa imepakwa nta nyekundu mwaka baada ya mwaka, na gundi haishiki juu ya nta. Niliikwangua, nikaisugua kwa maji ya moto na sabuni, kisha msasa. Nyufa nazo hazikosekani kwa nyumba zilizojengwa kwenye udongo wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Shemeji yangu, ambaye ni mwashi, alizipanua kwa patasi kabla ya kuziziba, kwa sababu saruji ikipakwa juu juu ya ufa mwembamba hubanduka. Punje moja ya mchanga ikibaki chini, utaiona juu ya kapeti kama kipele.

Halafu unyevu. Sakafu inaweza kuonekana kavu na bado ikawa inapumua maji kutoka chini. Chukua nailoni ya futi moja na nusu kila upande, ibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne, iache mpaka kesho yake. Ukiifunua ukakuta matone, au saruji chini yake imekuwa nyeusi zaidi, usibandike kitu. Zege jipya kwa kawaida huhitaji kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene wake, na wakati wa mvua usihesabu kabisa.

Sasa pateni. Mifuko mitupu ya saruji, ikikung'utwa na kupasuliwa, inatoa karatasi ngumu kuliko gazeti. Niliiunganisha kwa selotepu ikajaa chumba, nikaacha upenyo wa kama sentimita moja kutoka ukutani. Katikati nilitoboa vidirisha vya pembetatu na kubandika selotepu juu yake, ili karatasi ishike sakafu isisogee. Kisha nikaegemeza rula ya upana wa sentimita 3 ukutani na kupitisha penseli upande wake wa ndani, ukuta hadi ukuta. Kwenye mzunguko wa choo nilitumia kijibao kifupi chenye upana uleule.

Karatasi ikalazwa juu ya kapeti sebuleni. Safari hii ukingo wa ndani wa rula unakaa juu ya ule mstari na penseli inapita upande wa nje: mstari mpya ni ukuta wenyewe, na ukuta uliopinda unapinda pia kwenye kapeti. Kata milimita 2 au 3 ndani ya mstari. Tundu la choo lipasulie kwa nyuma, pasipoonekana.

Mmarekani Waldo Semon alipopata plastiki hii laini mwaka 1926, alikuwa akitafuta namna ya kubandika mpira kwenye chuma. Labda ndiyo maana inadai gundi yake maalumu. Ipake kwa mwiko wa meno, ngoja kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, dirisha na mlango wazi, jiko la mkaa liwe mbali kabisa, kwani mvuke wa gundi nyingi hushika moto. Bandika nusu ya chumba, kisha nusu nyingine, ukikandamiza kutoka katikati kwenda pembeni. Mti wa chapati unafaa sana.

Ule upenyo wa pembeni, mzunguko wa choo na mpasuo wa nyuma vyote vijazwe silikoni, ulainishe kwa kidole kilicholowa sabuni. Watu hubana matumizi hapa, na hapa ndipo maji yanapoingia. Siku nzima isipite ndoo. Sisi tuliogea kwa jirani.

Deki kwa sabuni ya kawaida. Mkeka wa mpira mlangoni hapana, wala usiache ndala za mpira mahali pamoja usiku kucha: mpira huacha doa la kahawia ambalo jiki haiwezi kulitoa. Wajukuu wangu wameshaambiwa, na ndala zinatundikwa msumarini.