Nyumba Yako: Ilale au Isafiri?

Umewahi kununiana na mwenzio siku mbili nzima kwa sababu ya mchezo? Usicheke. Mimi na mume wangu yametukuta, tena ukweni, mbele ya wazee.

Ilikuwa wikiendi, tukateremka kutoka Moshi mjini hadi Kahe kuwasalimia wakwe. Wanaopajua watakubali kwamba huku si kule juu kwenye migomba na baridi ya mlima. Kahe ni tambarare, jua linawaka kisawasawa, na reli ya kutoka Tanga inakatiza kuelekea Moshi, ile ile ambayo treni ya abiria kutoka Dar ilirudi kuipita Desemba 2019. Babu mmoja wa ukoo alifanya kazi Tanga ujanani, na alichorudi nacho ni bao. Baada ya msosi likawekwa chini ya mwembe. Mimi upande huu, baba watoto upande ule.

Mambo yalikuwa matamu mpaka nilipokula, nikasambaza, na kete yangu ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba.

"Nimelala," nikasema.

"Unalala wapi? Hiyo nyumba ulishaisafirisha tangu mwanzo. Endelea!"

"Lakini sasa hivi ina kete saba!"

"Hata iwe na ishirini!"

Sauti zikapanda. Mama mkwe akachungulia dirishani. Ukweli ni kwamba hatukuwa tunagombania bao. Wiki ile ile mume wangu alikuwa amechota hela kwenye akaunti yetu ya ujenzi, akaiweka kwenye shamba la mpunga huku huku Kahe. Mimi nilijua hela ile haiguswi. Yeye alijua inaguswa, mradi irudi. Kila mmoja alikuwa na sheria yake kichwani.

Kwanza, ubao

Kama bao umeliona kwa wazee tu, twende taratibu. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Kila mtu ana safu zake mbili. Mnaanza na kete 10 kila mmoja ubaoni: 6 ndani ya nyumba, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Zilizobaki, 22, mnaziweka akiba. Nyumba ni lile shimo la mraba la safu ya mbele, la tano ukihesabu kutoka kushoto kwako.

Hatua ya kwanza inaitwa kunamua. Kila zamu unachukua kete moja ya akiba, unaiweka kwenye shimo lako la mbele lenye kete. Kama shimo la mpinzani linalotazamana nalo lina kete pia, umekula. Unazichukua zake na kuzisambaza moja moja upande wako, ukianzia kichwa, yaani shimo la pembeni kabisa la safu ya mbele. Kete ya mwisho ikianguka penye kete, bado uko mchezoni: kama mbele yake kwa mpinzani zipo, unakula tena; kama hazipo, unazoa zote za shimo hilo na kuendelea. Ikianguka patupu, umelala, zamu ni ya mwenzio. Na ukiwa na nafasi ya kula, ni lazima ule.

Shimo moja, sheria tatu

Hapa ndipo wengi tunapochanganyana, maana nyumba inabadilika uwezo kutokana na hali.

Ya kwanza: uko kwenye zamu ya kula, kete ya mwisho inaangukia kwenye nyumba yako iliyo hai, yenye kete 6 au zaidi, na hakuna cha kula mbele yake. Hapo una hiari. Unaweza kulala, akiba yako ikabaki salama kwa sasa. Au unaweza kuisafirisha: unazoa zote, unasambaza, unatafuta cha kula mbele ya safari.

Ya pili: umekosa cha kula tangu mwanzo wa zamu, kwa hiyo unatakata, yaani unasogeza kete zako bila kula. Ukiishia kwenye nyumba, hiari hakuna. Unalala. Na kama katika safu yako ya mbele nyumba ndiyo pekee yenye kete, huruhusiwi kuizoa yote. Unatoa mbili tu, unasambaza hizo.

Ya tatu, na hii ndiyo iliyonitoa jasho: nyumba ikishasafiri mara moja, au mpinzani akishaila, uwezo wake umekwisha kwa mchezo huo. Linabaki shimo kama mashimo mengine. Hata lijae tena kete saba, hairudi kuwa nyumba.

Kwa nini mtu asilale tu kila mara? Kwa sababu nyumba iliyonona ni chambo. Mpinzani akiila, anabeba zote kwa mkupuo na kwenda kuzisambaza kwake. Ukikaa nayo sana unaweza kuikosa, ukiitoa mapema unabaki huna pa kupumzikia. Hapo ndipo bao linapotaka akili, na huenda ndiyo sababu Mwalimu Nyerere alilipenda sana.

Hata mashujaa wa Marekani

Usidhani ni sisi tu. Mwaka 2002 kampuni ya Marekani, WizKids, ilitoa mchezo wa HeroClix. Ni vinyago vya mashujaa wa vitabu vya katuni, vinasogezwa juu ya ramani mezani. Kila kinyago kimesimama juu ya kitako chenye gurudumu. Akipigwa, gurudumu linazungushwa, na uwezo wake unabadilika: aliyekuwa na mbio anaweza kuzipoteza, mwingine akipigwa ndiyo kwanza anakuwa hatari. Wapo pia wanaoruhusiwa kuchagua uwezo wa kutumia. Swali linalowagombanisha ni lile lile la chini ya mwembe: uwezo huu ninao sasa hivi, au ulikuwa wa zamu iliyopita?

Hukumu ya babu

Babu alituacha tumalize kelele. Halafu akaniuliza, "Mkwe, kabla ya kuanza mlikubaliana?"

"Hapana, babu."

"Basi kwa sheria, mumeo yuko sawa. Nyumba iliyosafiri imesafiri." Akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe, ulimwambia mwenzio wakati anaisafirisha kwamba hairudi?"

Kimya.

"Umeshinda mchezo, lakini hukucheza vizuri."

Usiku ule tukakaa nje, tukaongea ile hela ya ujenzi kwa mara ya kwanza bila kupigiana kelele. Tulikubaliana hivi. Hela inalala. Ikitokea dharura na hakuna pengine pa kutoa, inatoka kidogo, kama zile kete mbili. Kuisafirisha yote ni mpaka wote wawili tuseme ndiyo, tena kabla, siyo baada. Mpunga wenyewe bado uko shambani, tunaomba maji yasikauke.

Kabla hamjakaa kwenye mkeka

• Semeni sheria kwa sauti kabla ya kete ya kwanza, hasa za nyumba.
• Mnaoanza, jaribuni bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, hakuna akiba.
• Nyumba ikisafiri au ikiliwa, tamkeni wote wawili: "Imekwisha."
• Akiba ikiisha mnaingia hatua ya mtaji. Hapo shimo lenye kete moja halianzi.
• Mkibishana, mzee mmoja aamue, na uamuzi wake uheshimiwe hadi mwisho.

Wikiendi ijayo tunarudi Kahe. Safari hii nyumba yangu haitoki mapema, na baba watoto nimeshamwambia hivyo.