Sotoka Ilikwisha Karibu na Kinna, Saratani Je?

Kinna, katika Isiolo, ni jirani wa Mbuga ya Wanyama ya Meru. Ndani ya mbuga hiyo, mwaka 2001, mbogo walionekana wana sotoka, na hao ndio wa mwisho kujulikana duniani kuugua maradhi hayo. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka haipo tena.

Wafugaji wa Kiborana hawana haja ya kuelezwa sotoka ilikuwa nini. Lakini yafaa wakumbuke jinsi ilivyoshindwa. Chanjo njema ilitengenezwa Muguga na Daktari Walter Plowright na wenzake katika miaka ya 1950 na 1960. Walakini chanjo ile ilitaka baridi, na jua la nchi kavu liliiharibu kabla haijafika kwenye makundi ya mbali. Ushindi ulikuja baadaye, ilipopatikana chanjo ivumiliayo joto, na wafugaji wenyewe katika Ethiopia na Sudani walipofundishwa kuchanja.

Nayakumbusha haya kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huua wanawake zaidi ya 3,000 kila mwaka katika Kenya. Hiyo nayo huletwa na virusi, viitwavyo papiloma, na chanjo yake ipo. Serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka kumi mwezi wa Oktoba 2019. Wazazi wengi walisita, wakisikia uvumi kwamba msichana aliyechanjwa atakuwa tasa. Uvumi huo si kweli. Na ni ajabu kuukuta kwa mtu ambaye mitamba yake huchanjwa na kuzaa kila mwaka! Msomaji asidhani nawalinganisha binti zetu na ng'ombe. Nalinganisha bidii yetu tu.

Kwa akina mama kuna kipimo cha siki. Muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, hungoja dakika moja, kisha hutazama kwa taa. Mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe, na mara nyingi huweza kutibiwa siku ile ile kwa kugandishwa au kuchomwa, kabla hapajawa saratani. Haihitaji maabara. Huko Mumbai, katika Bara Hindi, wanawake 150,000 hivi walifuatwa miaka 12. Katika kundi lililopimwa kwa siki, vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 31. Nao waliopima hawakuwa madaktari, bali wanawake waliofundishwa majuma machache.

Ugumu ni kwamba ugonjwa huu hauumi mwanzoni. Miaka kumi, hata ishirini, hupita kimya. Kisha mama huona damu baada ya kukutana na mumewe, huona haya, hunyamaza. Na nauli ya kwenda hospitali kubwa inapopatikana, ugonjwa umekwisha kuenea.

Basi mwenye miaka 25 mpaka 49 na aulize katika kituo cha afya ni siku gani wanapima, na kama hawapimi, ni wapi wapimapo. Swali hilo laweza kuulizwa siku ile ile apelekapo mtoto kupimwa uzito.