Chumvi mezani, presha chumbani

Ni wangapi kati yetu tunaonja mboga kabla ya kunyanyua kichupa cha chumvi? Nimekaa meza moja na wanandoa vijana wengi, na nakwambia wanaoonja ni wachache. Mkono unakwenda wenyewe! Bibie aliyepika akinuna anaambiwa, "Usijali mke wangu, ni mazoea tu."

Mazoea hayo hayakuwepo enzi za misafara. Njia ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipita Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Watu wamekuwa wakichemsha maji hayo kwa zaidi ya miaka 1,000. Katika karne ya 19, kila kiangazi walifika kutoka mbali kujipikia chumvi, na watawala wa Uvinza wakachukua ushuru wao. Mzigo uliobebwa begani hadi Unyanyembe haumwagwi ovyo kwenye sahani! Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Leo chumvi ni kati ya vitu vya bei poa kabisa dukani, na ndiyo maana hatuipimi.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu pale Tabora, alimsindikiza mkewe kliniki ya wajawazito. Akajipima presha kwa utani tu. Ikasoma 160 kwa 100! Ana miaka 34, anacheza mpira kila Jumamosi na haumwi chochote. Alirudi kupimwa siku nyingine, majibu yakawa yale yale. Mke ndiye aliyelia.

Hivyo ndivyo presha ilivyo, haibishi hodi. Chumvi ikizidi, mwili unashikilia maji, damu inaongezeka wingi na kusukuma kuta za mishipa kwa nguvu. Moyo unafanya kazi ya ziada mpaka misuli yake inanenepa. Mwisho wake ni kiharusi, moyo kushindwa kazi, au figo kuharibika. Na kaka zangu, mishipa ikichoka hata mambo ya chumbani huyumba. Wengi wanakimbilia dawa za kuongeza nguvu wakati tatizo liko kwenye presha.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye mkate, soseji, dagaa wakavu wenye chumvi na vile vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi.

Sisi tunaohamia mijini tujiangalie zaidi. Mwaka 1990 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti kuhusu Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki nyumbani. Uzito ulikuwa juu pia, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi ukilinganisha na potasiamu, madini tunayoyapata kwenye matunda na mboga.

Sasa mfanye nini? Kwanza, kichupa kitoke mezani. Pili, punguzeni kidogo kidogo. Baada ya wiki chache ulimi unazoea. Ladha tafuteni kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na karanga. Tabora imejaa uyoga na maembe, kwa hiyo hakuna kisingizio! Chumvi kidogo mnayotumia iwe yenye madini joto, maana bila hayo kuna hatari ya tezi la shingo. Kama tayari unatumia dawa za presha, usiziache kwa sababu umepunguza chumvi. Ongea na daktari wako.

Yule mwalimu anameza dawa zake, na mkewe amepunguza chumvi kwenye sufuria ya familia nzima badala ya kumpikia yeye peke yake. Hilo nimelipenda. Nendeni mkapimwe wote wawili, siku moja, kabla mwezi haujaisha.