Mradi wa Uhandisi Uanzie Penye Kuni

Mwanafunzi wa uhandisi aliye karibu na mashamba ya chai ya Kabianga, Kericho nchini Kenya, hahitaji kutungiwa tatizo. Kiwanda cha chai hupokea majani mabichi yenye maji zaidi ya asilimia 70, huyanyausha, huyakatakata, huyaacha yageuke rangi, kisha huyakausha hadi maji yabaki takriban asilimia 3. Joto la kuyakausha hutoka kwenye boila, na boila nyingi hula kuni. Gogo bichi hutumia sehemu ya moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake. Basi wanafunzi wapewe swali moja la kiufundi: ni kuni kiasi gani zitaokolewa zikikaushwa kwanza? Wapime unyevu wa magogo, wajenge kibanda kidogo cha kuyakausha kwa jua, wapime tena, kisha wamweleze mwendesha boila kwa lugha anayoielewa. Thamani yote iko kwenye kipimo cha pili. Kikirukwa, kibanda kinabaki pambo la siku ya maonyesho.

Wapo watakaosema muda hautoshi na vifaa ni ghali. Lakini mizani, tanuri dogo na mbao si mitambo ya maabara, na nadharia ya joto hueleweka hapohapo mikononi. Pingamizi zito zaidi ni la watu wanaohofia kwamba teknolojia mpya itawaondolea kazi: Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho, waandamanaji wakilalamikia kupotea kwa ajira. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza mwalimu aulize pia nani atapoteza kazi, na jibu hilo lipewe alama sawa na hesabu.