Je, Wajua? Ukiinuka Tu, Damu Inahama!

Je, wajua kuwa ukisimama kutoka kitini, kati ya nusu lita na lita nzima ya damu huteremka tumboni na miguuni? Hebu simama ujaribu. Umeona? Damu ya kujaza chupa imehama, nawe hukuhisi chochote!

Vilivyokuokoa ni vihisio vidogo vilivyo kwenye mshipa mkubwa wa shingo na ule unaotoka moyoni. Presha ikilegea tu, vyenyewe vinajua. Ndani ya sekunde chache moyo unaongeza kasi, mishipa inajibana, mambo yanakuwa sawa.

Lakini kwa wengine mambo hayawi sawa. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, hiyo ndiyo presha ya kushuka kwa kusimama. Wapo wanaoona giza na kizunguzungu, na wapo wasiohisi lolote! Ndiyo maana ni vizuri umwombe muuguzi akupime umelala, kisha akupime umesimama.

Sasa sikia hili, maana ndilo lililonishangaza kuliko yote. Huko Marekani, watu zaidi ya 12,000 wenye umri wa miaka 45 hadi 64 walipimwa hivyohivyo, kisha wakafuatiliwa kwa miaka kama 18. Wale ambao presha yao ilishuka waliposimama walikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 40 zaidi wa kuja kupata ugonjwa wa moyo kudunda bila mpangilio! Mwaka 2018, utafiti wa Framingham, mji ambao wakazi wake wamekuwa wakichunguzwa mioyo tangu 1948, ukaonyesha mwelekeo uleule. Kipi kinaleta kipi? Wataalamu bado wanavutana. Ila neva zinazoilinda presha yako ndizo pia zinazouharakisha na kuutuliza moyo.

Na huko kudunda ovyo si mchezo. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka mara 350 hadi 600 kwa dakika, wakati moyo uliotulia hudunda mara 60 hadi 100 tu! Hatari ya kiharusi huongezeka kama mara 5.



Na wajua mashine ya kuchora mapigo ya moyo, inayoonyesha kudunda huko, ilianzaje? Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliwatumbukiza wagonjwa mikono na mguu ndani ya ndoo za maji ya chumvi. Mashine yenyewe ilikuwa na kilo kama 270, haibebeki hospitalini, basi mapigo yakasafirishwa kwa waya wa simu umbali wa kilomita 1.5! Mwaka 1906 akachapisha michoro ya mioyo, na mmojawapo ulikuwa wa moyo unaodunda ovyo.